Bloku la sponji likitoka bovu: dalili, chanzo, na kichocheo kipi cha kushukiwa kwanza

Kiwanda cha magodoro kikitoa bloku lililopasuka, lililosinyaa au lililotitia, watu hukimbilia mapipa makubwa. Wanamshuku muuza polioli (kimiminika kikuu cha sponji), wanaishuku TDI (kimiminika kinachoungana na polioli na maji) ya mzigo mpya, wanaongeza maji au kuyapunguza kwa kubahatisha. Mara nyingi tatizo limekaa kwenye vyombo viwili vidogo visivyotazamwa na mtu: kichocheo cha bati na kichocheo cha amini. Kwa kila kilo 100 za polioli, kila kimoja huingia kama gramu 100 hadi 300 tu. Gramu hizo ndizo zinazoamua kama zaidi ya kilo 150 za malighafi zitakuwa magodoro au vipande vya kujazia mito.

Mwongozo huu ni wa sponji laini ya poliurethani, ile ya magodoro, makochi na viti vya magari. Nimemfikiria hasa fundi anayemwaga kwa boksi, bloku moja moja. Mwenye mashine ndefu ya kumwaga mfululizo atakuta dalili ni zile zile, ila yeye ana pampu na mabomba ya kukagua badala ya mizani na ndoo.

Mbio mbili ndani ya boksi moja

Mchanganyiko ukishamwagwa, TDI inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inakutana na maji na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, urea na joto jingi. Hiyo ndiyo kazi inayoumua povu. Papo hapo inaungana na polioli na kujenga nyuzi za plastiki zinazolishika povu lisimame. Amini inasukuma zaidi kazi ya gesi. Bati, yaani stenasi oktoeti, inasukuma kazi ya kuganda. Mpishi wa maandazi anaijua hali hii: hamira ikiwahi kabla unga haujapata nguvu, donge linaumuka kisha linalala.

Otto Bayer na wenzake waligundua kemia ya poliurethani huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937, lakini kwa miaka mingi povu laini lilitengenezwa kwa hatua mbili, kwa sababu haikuwezekana kuzipatanisha mbio hizi ndani ya ndoo moja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo vichocheo vya bati, amini zenye nguvu na silikoni zinazofaa, zile zinazoshika vitundu vya povu, vilipowezesha kuchanganya vyote kwa mkupuo. Njia hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo, na udhaifu wake ni ule ule: kichocheo kimoja kikilegea, bloku zima linaonyesha.

Kwa hiyo mbele ya bloku bovu naanza na swali moja. Gesi iliiwahi plastiki, au plastiki iliiwahi gesi?

Kabla hujagusa fomula

Kwanza, mizani. Mizani ya kupimia polioli, ile ya kilo 150, mara nyingi inasoma kwa hatua za gramu 50. Ukipimia bati la gramu 200 juu ya mizani hiyo, unaweza kukosea kwa robo nzima bila kujua, na robo ya bati inatosha kabisa kugeuza bloku zuri kuwa bloku lililopasuka au lililosinyaa. Vichocheo vinahitaji mizani yake ndogo inayosoma gramu moja au chini ya hapo. Hili silioni kama anasa. Bei yake ni ndogo kuliko hasara ya bloku moja.

Pili, joto la malighafi. Polioli na TDI zikiwa kati ya nyuzi 20 na 25 za Selsiasi, mambo hutabirika. Mapipa yakikaa juani Dar es Salaam mwezi Februari, mchana utamwaga malighafi yenye nyuzi zaidi ya 30, na kila kitu kitawahi. Fomula iliyokuwa nzuri saa moja asubuhi inaonekana imeharibika saa nane mchana, na fundi anapunguza amini. Kesho yake asubuhi povu linachelewa, anairudisha. Wiki inaisha hajui tena fomula yake ni ipi. Hamishia mapipa kivulini usiku wa kuamkia siku ya kazi, na uweke kipimajoto ndani ya polioli kabla ya kila bloku.

Tatu, umri wa bati. Nalirudia chini, kwa sababu hapo ndipo wezi wengi wamejificha.

Halafu fanya jaribio la kikombe. Chukua gramu 200 za polioli, tia maji, silikoni, amini na bati kwa uwiano wa fomula yako, koroga vizuri, kisha tia TDI mwisho, koroga kwa nguvu sekunde tano hadi saba na umimine kwenye boksi la karatasi. Bati la gramu 0.4 ni gumu kulipima kwa mizani. Tumia bomba la sindano la mililita 1, ukikumbuka kwamba mililita moja ya stenasi oktoeti ina uzito wa kama gramu 1.25. Andika nyakati mbili: sekunde ambayo mchanganyiko unageuka mweupe kama maziwa na kuanza kunyanyuka, na sekunde ambayo povu linafika kileleni na vipovu vya juu kupasuka kama linapumua. Ya kwanza kwa kawaida huwa kati ya 8 na 15. Ya pili huwa kati ya 80 na 140. Fanya kazi hii penye hewa inayopita, umevaa glovu na miwani. Na ubadilishe kitu kimoja tu kwa kila kikombe.

Povu linachelewa kuanza, au linaumuka kivivu

Hapa gesi ndiyo iliyolala. Shuku amini. Labda imesahaulika, bomba lake limeziba, au imebadilishwa aina bila hesabu kubadilishwa. Amini mbili za kawaida huuzwa zikiwa zimeyeyushwa: moja ni ya asilimia 33, nyingine, iliyo kali zaidi upande wa gesi, ni ya asilimia 70. Anayeweka moja mahali pa nyingine kwa gramu zile zile amebadilisha fomula bila kujijua. Soma lebo ya kila mzigo.

Kama amini iko sawa, pima joto. Polioli yenye nyuzi 16 itachelewa hata ukiwa na vichocheo bora duniani.

Linaumuka hadi juu, kisha linapasuka ndani

Ukikata bloku unakuta nyufa, nyingine zimelala, nyingine zimesimama, na kingo zake ni safi kama zimechanwa. Sponji iliyo pembeni mwa ufa inapitisha hewa vizuri: ukiweka kipande mdomoni na kupuliza, pumzi inapita bila shida. Hiyo ni gesi iliyoiwahi plastiki. Nyuzi hazikuwa na nguvu ya kutosha shinikizo lilipofika kileleni.

Mshukiwa wa kwanza ni bati. Linaweza kuwa kidogo, lakini mara nyingi zaidi limekufa. Stenasi oktoeti inaharibiwa na vitu viwili vilivyojaa kila mahali katika pwani yetu: hewa na unyevu. Hewa inaligeuza bati lake kuwa hali nyingine isiyochochea vile vile, maji yanalivunja. Likiwa zima ni kimiminika angavu chenye rangi ya njano hafifu. Likiharibika mara nyingi hupoteza uangavu huo au huwa na mashapo mazito chini ya kopo. Lakini macho hayatoshi, kwani linaweza kupoteza sehemu ya nguvu likiwa bado linang'aa.

Kipimo cha uhakika ni vikombe viwili sambamba: kimoja kwa bati la kopo linalotumika, kingine kwa bati la kopo lililofunguliwa sasa hivi, mengine yote sawa. Kikombe cha pili kikiwa kizima, umemkamata. Usiongeze kipimo cha bati bovu ili kufidia. Kesho litakuwa limelegea zaidi, na keshokutwa mtu akifungua kopo jipya na kuweka kipimo kile kile kikubwa, bloku litasinyaa.

Kuna tabia moja inayoua bati kwa haraka kuliko zote, nayo ni kuchanganya bati, maji na amini kwenye ndoo moja asubuhi ili kurahisisha kazi ya siku. Ndani ya ndoo hiyo maji yanalimaliza bati taratibu. Bloku la kwanza linatoka zuri, la tatu lina ufa mdogo, la sita limepasuka katikati. Ukiona mabloku yanaharibika kwa mpangilio huo kadiri siku inavyokwenda, uliza vichocheo vilichanganywa saa ngapi. Maji na amini vinaweza kukaa pamoja. Bati likae peke yake, au liyeyushwe kwenye polioli kavu na litumike lote muda mfupi baadaye. Kopo lifungwe mara baada ya kumimina, na masalio yasirudishwe ndani. Ukiweza kununua makopo madogo, nunua hayo, hata kama pipa ni nafuu kwa kilo.

Kama bati ni jipya na nyufa bado zipo, punguza amini kidogo au ongeza bati kwa hatua ya sehemu 0.02 kwa kila 100 za polioli. Na hakikisha hakuna anayelisogeza au kulifungua boksi kabla povu halijakaza. Ufa wa kusukumwa huanzia pembeni au chini, na hautibiki kwa kemia.

Linatitia lote

Kutitia kuna sura mbili, na ni muhimu kuzitenganisha. Sura ya kwanza: povu linaanza vizuri, lakini likiwa bado njiani kupanda linaanza kuchemka, vipovu vikubwa vinapasuka juu, kisha linashuka na kuacha uji mzito. Hapo silikoni ndiyo haipo, ni kidogo mno, au imechafuliwa. Silikoni ndiyo inayoshika kuta za vitundu wakati bado ni kimiminika. Mafuta ya grisi kutoka kwenye bearingi, au masalio ya dawa ya kuzuia povu ndani ya pipa lililotumika kwa kazi nyingine, yanaweza kuangusha bloku zima.

Sura ya pili: linafika kileleni, linapumua, halafu linaendelea kushuka, inchi baada ya inchi. Kushuka kidogo baada ya kupumua ni kawaida. Kushuka bila kusimama kunarudisha macho kwenye bati.

Linasinyaa baada ya kupoa

Hii ni kinyume cha nyufa, na wanaotibu nyufa kwa kumwaga bati bila kipimo hufika hapa. Bloku linasimama imara, ukilibonyeza ni kama mpira wenye hewa, ukipuliza kipande pumzi haipiti. Plastiki iliiwahi gesi. Kuta za vitundu ziliganda kabla hazijapasuka. Gesi iliyofungiwa inapopoa na kutoka taratibu, hewa haiwahi kuingia kuchukua nafasi yake, na pande za bloku zinaingia ndani.

Bloku ambalo limeshatoka hivyo linaweza kuokolewa likiwahiwa: likishakaza lakini bado lina joto, libonyezwe pande zote kwa rola au ubao ili vitundu vifunguke. Kisha punguza bati kwa hatua zile zile za 0.02. Silikoni iliyozidi sana nayo hufunga vitundu, kwa hiyo kama bati likipungua hakuna nafuu, itazame hiyo.

Kadiri sponji inavyokuwa nyepesi, ndivyo nafasi kati ya bati kidogo na bati nyingi inavyokuwa nyembamba. Sponji nzito inakusamehe makosa. Ile nyepesi ya bei ya chini, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi, haikusamehe.

Katikati pana rangi ya njano au kahawia

Dalili hii naomba isomwe polepole, kwa sababu ndiyo inayounguza viwanda. Watu hulaumu kichocheo kikali. Vichocheo vinaharakisha joto, lakini wingi wa joto lenyewe unatokana na maji na TDI. Moyo wa bloku jipya unaweza kupita nyuzi 140, na sponji ni kizuizi kizuri cha joto, hivyo joto hilo linakaa humo kwa saa nyingi. Likipita nyuzi 160 hivi, rangi huanza kubadilika na nyuzi kudhoofika. Likiendelea kupanda, hewa inayopenya ndani inalisha moto usioonekana, na bloku linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baada ya kila mtu kwenda nyumbani.

Chanzo kinachosahaulika ni hesabu ya TDI. Kila sehemu 1 ya maji, kwa uzito, inahitaji sehemu 9.67 za TDI. Polioli ya kawaida yenye namba ya haidroksili 56 (kipimo cha uwezo wake wa kuungana na TDI) inahitaji karibu sehemu 8.7 kwa kila 100. Kwa maji sehemu 4 kwa kila 100 za polioli utapata 38.7 na 8.7, jumla 47.4. Ukitaka kiwango cha 110, yaani TDI asilimia 110 ya mahitaji hayo, zidisha kwa 1.10, unapata 52.1. Sasa tuseme fundi anapunguza maji hadi 3.4 ili sponji iwe nzito, lakini anaiacha TDI kwenye 52.1. Mahitaji yameshuka hadi 41.6, kwa hiyo kiwango chake sasa ni 125. TDI iliyozidi inaendelea kutafuta cha kuungana nacho ndani ya bloku lenye joto, na joto linazidi. Bloku linakuwa gumu na moyo wake una rangi ya chai. Amepunguza maji, akaongeza hatari.

Maji kupita sehemu 4.5 hadi 5 bila kitu cha kupunguza joto ni mpaka ambao sikushauri kuukaribia. Zamani kitu hicho kilikuwa gesi za kundi la CFC, ambazo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuziondoa. Wengi wakahamia methilini kloraidi, ambayo nayo ina madhara kwa afya na imewekewa vikwazo katika nchi kadhaa.

Mabloku mapya yasipangwe juu kwa juu wala kubanwa ukutani. Yaache nafasi yapitishe hewa pande zote, mbali na ghala la magodoro yaliyomalizika, kwa saa 24, na mlinzi wa usiku ajue kwamba kazi yake ni pamoja na kuyapitia na kuyagusa. Bloku linalotoa moshi au harufu ya kuungua lisikatwe kutazama ndani. Kulikata ni kuliingizia hewa.

Harufu ya samaki, na macho yanayoona bluu

Harufu kali kama ya samaki kwenye sponji mpya ni amini iliyobaki. Mara nyingi bloku limekatwa na kufungwa nailoni mapema mno, au amini imezidi. Saa 24 za kupitisha hewa kabla ya kukata huiondoa kwa sehemu kubwa.

Kuna dalili nyingine ambayo haionekani kwenye sponji. Wafanyakazi wa chumba cha kumwagia wanaweza kulalamika kwamba jioni wanaona ukungu wa bluu, au duara kuzunguka taa. Ni mvuke wa amini umeathiri uso wa jicho. Kwa kawaida hali hupita ndani ya saa chache, lakini anayerudi nyumbani kwa pikipiki hana saa chache. Mvuke ukifika kwenye macho ya watu, feni ya kutolea hewa haifanyi kazi au haipo. Mahali hapo hapo pana mvuke wa TDI, ambao husababisha pumu, na mtu akishaanza kuathirika, hata kiasi kidogo sana humrudishia kifua. Harufu ya TDI ukiisikia, tayari umeshavuta kuliko inavyoruhusiwa. Mfanyakazi anayekohoa na kubanwa kifua kila siku ya kumwaga ahamishwe kitengo siku hiyo hiyo, na apelekwe kwa daktari.

Vitundu vikubwa vilivyotawanyika

Hivi vinalaumiwa vichocheo bure. Ni hewa iliyoingia kwenye mchanganyiko: korogeo limenyanyuliwa juu ya kimiminika, pampu inavuta hewa, au mchanganyiko umemwagwa kutoka juu sana. Rekebisha mkono, uiache fomula.

Fomula ya pwani inapopanda mlimani

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama kilopaskali 82, wakati Mombasa au Dar es Salaam ni kama 101. Gesi ile ile inachukua nafasi kubwa zaidi. Fomula iliyotoa sponji nzuri pwani ikipelekwa Nairobi, Mbeya au Kigali bila kubadilishwa inatoa sponji nyepesi zaidi, na kwa Nairobi upungufu unaweza kukaribia sehemu moja kati ya tano. Povu linavutika kuliko lilivyokusudiwa, nyufa zinatokea, na mtu anaanza kuongeza bati. Dawa ni kupunguza maji kwanza, kuhesabu upya TDI kama nilivyoonyesha juu, ndipo ukamalizia kwa kurekebisha bati kwenye vikombe.

Nyanda za juu zina tatizo lao jingine. TDI ya kawaida huanza kuganda ikishuka kwenye nyuzi 14 hivi, na usiku wa Julai huko Njombe au Limuru joto hushuka chini ya hapo kirahisi. Pipa lililoganda nusu si lile ulilonunua: fuwele zilizo chini na kimiminika kilicho juu havina uwiano mmoja, hivyo ukichota juu tu, vichocheo vitaonekana vimebadilika tabia wakati havijabadilika. Liweke pipa kwenye chumba chenye joto, kamwe lisiwashiwe moto, na lisubiriwe liyeyuke lote. Kisha livingirishwe sakafuni mara kadhaa kabla ya kufunguliwa, na mdomo wake ukaushwe kabisa, maana maji kidogo yakiingia na kifuniko kikafungwa, gesi itajijaza ndani hadi pipa lipasuke.